Nywila Iliyojiandika Yenyewe

Shuleni alikuwa na jina lake la daftari la mahudhurio, lakini mtaa mzima ulimwita Pilipili. Hakupewa jina hilo kwa wekundu wala kwa udogo. Alipewa kwa sababu ukimgusa, unawashwa. Mtu akimruka kwenye foleni ya maji, Pilipili alimrudisha nyuma kwa maneno ambayo hata walimu walijifanya hawakuyasikia. Mama yake alizoea kumwambia, "Mwanangu, hasira hasara." Naye alizoea kujibu kwamba hasara ni ya yule aliyemkasirisha.

Kila siku baada ya masomo alikata uwanja wa mpira, akazunguka ukuta wa zahanati na kuingia kwa mlango wa pembeni. Mama yake alikuwa karani wa mapokezi pale. Kazi yake ilikuwa kuwaandikisha wagonjwa, kuwafungulia mafaili yao na kuwaelekeza chumba cha kwenda. Mafaili yenyewe hayakuwa tena ya karatasi, yalikuwa ndani ya kompyuta. Pilipili alikuwa na kigoda chake nyuma ya kaunta, kati ya kabati kuukuu na ndoo ya maji ya kunawia. Hapo alifanya kazi zake za shule mpaka zamu ya mama iishe.

"Pilipili, leo umemuwasha nani?" dereva wa gari la wagonjwa alikuwa akimuuliza kila akipita.

"Bado. Nakusubiri wewe," alijibu, na dereva alicheka mpaka funguo zikalia mkononi.

Kompyuta ya mapokezi ilikuwa na usumbufu wake. Kila baada ya muda ilidai nywila mpya, yaani lile neno la siri la kufungulia mafaili ya wagonjwa. Mama alikuwa hodari wa kukumbuka nyuso za watu, majina ya watoto wao na hata nani anaogopa sindano, lakini nywila zilimpiga chenga. Mchana mmoja kompyuta ilimkatalia huku foleni imefika mlangoni, mtoto analia, na mzee mmoja anagonga kaunta kwa fimbo.

"Njoo hapa, binti," mama alinong'ona. "Mashine hii inaniaibisha mbele za watu."

Pilipili alinyanyuka. Mambo ya kompyuta aliyajua, maana darasani kwao ndiye aliyekuwa akiitwa mashine zikigoma. Mama alimtajia neno sikioni, Pilipili akaliandika upya kwa herufi kubwa pale ilipotakiwa, na mafaili yakafunguka. Hapohapo kisanduku kidogo kikajitokeza pembeni mwa kioo na kuuliza: Hifadhi nywila? Chini yake kulikuwa na majibu mawili, Ndiyo na Hapana.

"Mama, nikikubali hapa hutaandika tena. Itakuwa inajiandika yenyewe."

"Basi unasubiri nini? Kubali, mwanangu!"

Pilipili akabofya Ndiyo. Foleni ikasogea, mzee akateremsha fimbo yake, na njiani kurudi nyumbani mama alimsifu binti yake mpaka walipofika mlangoni.

Ilikuwa baada ya hapo, wakati jambo hilo limekwisha kusahaulika, ndipo Pilipili alipoingia darasani asubuhi moja na kukuta dawati lake limesogezwa. Yeye na rafiki yake waliketi pamoja tangu wakiwa hawajui kusoma. Rafiki huyo aliitwa Uzi, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu mama yake alikuwa mshonaji. Sasa Uzi alikuwa amekaa peke yake kwenye dawati la nyuma kabisa. Wanafunzi waliokuwa mbele yake walikuwa wamevuta kola za mashati mpaka puani.

"Kuna nini?" Pilipili aliuliza.

"Hujui?" mvulana mmoja alijibu. "Mama yake ana kifua kikuu. Usimkaribie, atakukoholea."

Pilipili alimwendea Uzi, lakini kabla hajafungua kinywa Uzi alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usije hapa! Nenda kwa mama yako mkasimuliane ya watu!"

"Mama yangu amefanya nini?"

"Amefanya nini? Mama alimwambia nani? Alimwambia daktari na alimwambia mama yako pale kaunta, basi. Hata bibi hajui. Hata mimi nilijua juzi, nilipomuuliza vile vidonge ni vya nini! Leo sokoni wanamkwepa. Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Mwingine amechukua chake kwa fimbo, Pilipili, kwa fimbo!"

"Mama yangu hawezi kusema maneno ya watu!"

"Basi kompyuta imetoka yenyewe ikaenda sokoni?"

Darasa likacheka. Pilipili alimsukuma Uzi, Uzi akamsukuma, na mwalimu alipoingia aliwakuta wameshikana nguo huku wote wawili wanalia. Wakasimamishwa kila mmoja kona yake. Pilipili aliutazama ukuta asubuhi ile yote, akiapa moyoni kwamba hatamsemesha Uzi tena mpaka aombwe radhi.

Mchana alipofika zahanati alisikia makelele kabla ya kuvuka mlango. Mama mshonaji alikuwa amesimama mbele ya kaunta, barakoa imemfunika mdomo, mkono mmoja ameutia kiunoni.

"Nilikaa hapahapa," alisema. "Nikaongea kwa sauti ya chini, na wewe dada ukaniambia nisiwe na wasiwasi. Nimekunywa dawa bila kuruka hata siku moja. Daktari amenipima tena akaniambia siambukizi mtu. Nilisema mtaani? Ugonjwa ni wangu! Ningetaka kuutangaza ningeshona bango nikalitundika dukani kwangu!"

"Wallahi, dada yangu, sijamwambia mtu," mama alisema.

"Basi nani?"

Daktari mkuu alitoka chumbani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mkali, ambaye hata panya wa stoo waliijua sauti yake. Aliomba radhi kwa mgonjwa, akamwingiza mama chumbani na kuacha mlango wazi kidogo. Pilipili alijibanza pembeni, akasikia kila neno.

"Kompyuta huweka alama," daktari alisema. "Huonyesha nani amefungua faili gani na saa ngapi. Faili la yule mama lilifunguliwa wiki iliyopita wakati wa chakula cha mchana, siku ambayo hakuja hapa kabisa. Na limefunguliwa kwa jina lako."

"Daktari, mchana huwa niko nyuma nakula."

"Nani alikuona?"

"Nakula peke yangu. Ninyi wenyewe mnajua."

"Jina ni lako. Nywila ni yako. Nimemwita mtaalamu wa kompyuta kutoka makao makuu, atafika keshokutwa. Mpaka hapo kaa nyumbani. Ikithibitika, nitakuandikia barua ya kukuachisha kazi, na usinilaumu."

Mama alitoka akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Hakumtazama mtu. Nesi aliinamisha kichwa, na dereva, ambaye alikuwa ameegemea mlango, alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Nyumbani mama alianza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kila sahani aliibamiza. Pilipili naye alizunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga.

"Ni nesi!" alisema ghafla. "Yeye ndiye anayekaa karibu na wewe. Na ana maneno mengi. Kesho nitamwambia mbele ya watu, ajue nasi tuna midomo!"

Sahani ikasimama hewani.

"Umemwona?"

"Sijamwona, lakini..."

"Hujamwona, na unataka kwenda kumtangaza. Sasa una tofauti gani na aliyemtangaza mama Uzi?" Mama hakuwa amepandisha sauti, na hilo lilimtisha Pilipili kuliko kelele. "Nimetukanwa leo kwa kosa ambalo sikulifanya. Usinifanye niwe mama wa mtu anayewafanyia wengine hivyohivyo."

Pilipili alikaa kitako. Mama aliendelea kusugua sahani, akisema peke yake zaidi ya kusema na mwanawe.

"Nywila yangu hakuna anayeijua ila wewe. Sijaiandika popote. Hata mimi mwenyewe siikumbuki sasa, maana tangu siku ile uliponitengenezea, naketi tu, nabofya, mafaili yanafunguka. Atakuwa ameipata wapi huyo mtu?"

Maneno ya mama yalimwingia Pilipili kama maji ya baridi mgongoni. Naketi tu, nabofya, mafaili yanafunguka. Kompyuta haikuwa na macho. Haikujua kama aliyeketi ni mama, ni nesi au ni mpita njia. Ilimfungulia yeyote aliyekaa kwenye kile kiti, na kila alipofungua iliandika jina la mama. Aliyeifundisha kufanya hivyo ni yeye, Pilipili.

Hasira yote aliyokuwa ameigawa kwa Uzi, kwa daktari na kwa nesi ilimrudia mwenyewe. Alitaka kusema hapohapo. Lakini kisha aliwaza, daktari akijua kwamba mtoto ameshika kompyuta ya wagonjwa, si ndiyo itakuwa sababu nyingine ya kumfukuza mama? Akinyamaza, mama atafukuzwa kwa kosa la mtu mwingine. Akisema, mama anaweza kufukuzwa kwa kosa la mwanawe. Siku ya pili yake haikumwendea vizuri. Alikosa hesabu rahisi, akamjibu mwalimu vibaya, na Uzi alipopita karibu yake hakupata hata nguvu ya kununa.

Mtaalamu wa kompyuta alikuwa dada mfupi mwenye begi kubwa la mgongoni na viatu vya vumbi. Pilipili alimkuta ameshaketi kwenye kaunta, na zahanati imefungwa mapema. Daktari, nesi, dereva na mama walikuwa wamesimama nyuma yake kama watu wanaosubiri kupigwa picha ambayo hawaitaki.

"Toka, mtoto," daktari alisema. "Hapa kuna kikao."

"Sitoki," Pilipili alisema. Sauti ilimtetemeka, akaikasirikia sauti yake. "Nina neno. Mimi ndiye niliyehifadhi nywila ya mama. Kisanduku kiliuliza, nikabofya Ndiyo. Sasa mtu yeyote akikaa hapo inafunguka, na inaandika jina la mama. Mama hakufungua faili. Kama ni kufukuza, nifukuzeni mimi."

"Wewe umeajiriwa na nani hata ufukuzwe?" daktari alifoka. Kisha akamgeukia mama. "Kwa hiyo mtoto anashika kompyuta ya wagonjwa! Hii ni zahanati au uwanja wa michezo?"

"Nilimwita mimi," mama alisema, akasogea mbele ya binti yake. "Kosa la kumwita ni langu na nalikubali. Lakini la mdomo silikubali, hata ukiniandikia barua kumi."

Dada wa kompyuta hakugeuka. Alibofya mahali fulani, akabofya tena, ukurasa mweupe ukafunguka.

"Daktari, kabla hujaendelea, njoo uone hapa. Hizi ndizo nywila ambazo kompyuta hii imehifadhi." Kulikuwa na mistari kadhaa, kila mmoja na jina la mtumishi na nukta nyeusi badala ya nywila. "Pembeni kuna alama ya jicho. Nikiibofya, nukta zinaondoka." Aliubofya mstari wa mama. Neno likajitokeza waziwazi, na lilikuwa Pilipili, na namba mbili mbele yake.

Mama alijishika mdomo. Nesi alicheka kwa pua, akajizuia.

"Usicheke, nesi, na yako imo," dada alisema. "Na hii hapa ya juu kabisa, iliyohifadhiwa kabla ya zote, ni ya nani?"

Alibofya jicho. Nywila ilikuwa daktarimkuu, bila hata namba.

Hapakuwa na aliyecheka. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena kana kwamba neno lingebadilika.

"Kompyuta yangu iliharibika siku ile," alisema hatimaye. "Nikatumia hii. Iliuliza kitu, nikakubali ili nisipoteze muda."

"Kila mtu amekubali ili asipoteze muda," dada alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Mlango mmeufunga kwa kufuli kubwa, na ufunguo mmeuacha umening'inia kwenye kufuli. Na ninyi mliniomba nizime ile kazi ya kompyuta kujifunga yenyewe mtu akiondoka, mkasema inachelewesha foleni. Na mimi, mjinga, nikaizima! Kile kisanduku hakikutakiwa hata kuwauliza. Kazi yangu ilikuwa kukizuia siku ya kwanza, nikasema nitarudi, sikurudi. Kwa hiyo tusimtazame mtoto huyu peke yake. Angalau yeye amesema bila kuulizwa."

Pilipili alisikia maji yanadondoka kwenye ndoo ya kunawia. Kisha funguo zikalia.

"Ni mimi," dereva alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Mchana huwa nakuja kuangalia matokeo ya mpira. Hapa kuna intaneti. Siku ile nilibofya vibaya, majina yakafunguka. Nikaliona la mama mshonaji. Ana suruali yangu pale dukani, nikasema niangalie anaumwa nini. Nikamwambia mke wangu asimpeleke mtoto kule. Mke wangu tu, jamani! Sikumwambia mtu mwingine."

"Na mkeo akamwambia nani?" mama aliuliza.

Dereva alizifumbata funguo zake.

"Ulikuwa mlangoni," mama alisema, na sauti aliyokuwa ameifungia siku mbili ikatoka yote. "Nilipotoka pale na mkoba wangu, ulikuwa mlangoni! Uliniona! Kila asubuhi unanisalimia, unanitania, unakunywa chai yangu! Ukaona nafukuzwa kazi kwa ajili yako, ukatafuta kitu mfukoni. Ulikipata?"

"Niliogopa, dada."

"Mtoto hakuogopa?"

Hilo ndilo lililomvunja dereva. Alijifunika uso kwa viganja, na Pilipili, ambaye alikuwa ameandaa maneno makali ya kumwagia mkosaji, aliona hana la kuongeza. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, lakini hakulisema.

Dada wa kompyuta alifanya kazi mchana ule mpaka alipomaliza, mashine moja baada ya nyingine. Alifuta nywila zote zilizohifadhiwa. Alikizima kile kisanduku kisiulize mtu tena, akaufunga mpangilio huo ili mwingine asiurudishe. Alirudisha kazi ya kompyuta kujifunga mtu akiiacha kidogo. Matokeo ya mpira aliyapeleka kwenye mashine ya chumba cha kupumzikia, isiyo na faili hata moja la mgonjwa. Kisha aliwawekea programu maalumu ya kutunza nywila. Alieleza kwamba ndani yake nywila huvurugwa zikawa herufi zisizosomeka, na hazirudi kuwa maneno mpaka mwenyewe aandike nywila yake kuu, ambayo haihifadhiwi popote ila kichwani.

"Na kichwa changu ndicho kinachovuja," mama alisema.

"Kwa sababu tulikuwa tunakudai nywila mpya kila mara. Hilo nimeliondoa. Tunga sentensi ndefu, ya kwako, ambayo hakuna atakayeiotea. Usiweke jina la mtoto, usiweke mwaka, usimwambie mtu. Hata binti yako."

Mama alifikiri, akatabasamu peke yake, akaandika kitu kirefu. Pilipili alichungulia kwa mazoea.

"Geuka!" wote wawili walimwambia kwa pamoja.

Dada alimwondoa mama kwenye kiti ili wajaribu. Baada ya muda mfupi kioo kikawa cheusi. Alimwita nesi, nesi akakaa, akabofya huku na huko, kompyuta ikamkatalia. Alimwita daktari. Ikamkatalia naye, na daktari alionekana kufurahi kidogo kukataliwa. Mama alirudishwa kazini siku iliyofuata. Alipewa barua ya onyo kwa kumwita mtoto kwenye kompyuta, akaipokea bila ubishi. Dereva alipewa barua yake, nzito zaidi, na akaondolewa kwenye gari mpaka kamati ya zahanati ikae.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa halijaisha, maana mama Uzi alikuwa bado hana wateja. Daktari alimwendea dukani kwake akifuatana na mama na Pilipili. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, na moja ilikuwa imefunikwa kanga. Uzi alikuwa anaokota vipande vya vitambaa sakafuni. Hakuinua macho.

Daktari alieleza yote, akaomba radhi, kisha akasema ataitisha mkutano wa mtaa, amwombe radhi mbele ya watu wote.

"Mkutano!" Mama mshonaji alisimama. "Umesikia, mwanangu? Anataka kunitangaza mara ya pili, sasa na kipaza sauti! Daktari, nani amekuomba mkutano? Maji yakimwagika hayazoleki. Mlichokimwaga hamwezi kukizoa, basi msimwage tena!"

"Sasa tufanye nini, mama?" daktari aliuliza.

"Nenda shuleni ukawafundishe watoto kifua kikuu ni nini. Usitaje jina la mtu. Waambie kina dawa na kinapona, na mtu akitumia dawa kama alivyoelekezwa, baada ya muda haambukizi tena. Na huyo dereva wako suruali yake bado iko hapa. Mwambie aje kuichukua yeye mwenyewe, na mke wake, mchana, watu wakiona. Wakae kwenye hilo benchi kama wateja wanavyokaa. Sitaki kingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Dereva na mke wake walikuja siku ya soko. Mke alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kimegusa kifua, lakini aliketi. Mama mshonaji hakumtukana. Alimpima gauni, akamgeuza huku na huku, akamwambia asimame vizuri. Wapita njia walisimama, wakatazama, wakaenda zao. Jirani mmoja alirudi jioni na kitambaa chake. Daktari alifundisha shuleni, na kola za mashati zikashuka kutoka puani, ingawa si zote kwa siku moja.

Pilipili alikuja dukani peke yake wiki hiyo. Alikuwa amejifunza maneno yake njiani, lakini alipofika mlangoni yakamtoroka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kugombana?"

"Nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyebofya. Sikujua kama..." Alikwama. "Nilidhani namsaidia mama tu."

Mama mshonaji aliacha kukanyaga cherehani. Alimtazama, na hasira bado ilikuwepo usoni mwake, haikuwa imeondoka yote.

"Nakasirika bado," alisema. "Nisikudanganye. Wamenichukulia vitambaa kwa fimbo, siwezi kusahau kwa wiki moja. Lakini sikiliza. Kazi yangu mimi ni kupima watu. Najua nani ameota kitambi, nani amekonda kwa mawazo, nani bega lake moja limelala. Mtaa huu mzima umesimama hapo ulipo wewe, nikauzungushia futi. Umewahi kusikia nimetaja kiuno cha mtu sokoni?"

"Hapana, mama."

"Unadhani sina mdomo? Ninao! Lakini mtu akikuachia jambo lake, hajakupa. Amekuachia tu. Nawe utalitunza wakati wote, hata siku una haraka, hata siku ya foleni ndefu. Kutokuwa na nia mbaya hakutoshi, mwanangu. Dereva hakuwa na nia mbaya. Wewe hukuwa nayo. Tazama nilivyobaki. Na ukikosea, fanya ulivyofanya, sema mapema, maana kila siku unayonyamaza kuna mtu mwingine anayelipa."

"Nimesikia, mama."

Uzi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la kupimia nguo, anasikiliza. Alitoka, akavuta kigoda kwa mguu mpaka karibu na Pilipili, kisha akarudi zake kwenye vipande vyake. Pilipili alikaa. Wote wawili bado walikuwa wamenuna, lakini sasa walinuna kwenye chumba kimoja.

Mteja akaingia. Alikuwa daktari mwenyewe, na koti chini ya kwapa. Mama mshonaji aliivuta futi shingoni, akamwambia ainue mikono.

Kabla mtu hajamwambia, Pilipili aligeukia ukutani.